Mchoma Makala Aliyeziba Soya

Mdogo wangu Souleymane ana wivu, na mji mzima wa Kasongo unajua. Nalisema mapema ili msije mkadhani namsengenya. Hata mwenyewe ukimwuliza atakuambia, tena kwa kujisifu, kwamba mwanamume asiye na wivu kwa mkewe ni mpangaji tu katika nyumba ile. Mimi naitwa Amisa, dada yake mkubwa, ndiyo maana huniita Yaya, nauza mchele na mandazi sokoni. Na mimi pia nina wivu, ila wangu ni wa namna nyingine. Namwonea wivu Latifa, mke wake.

Chekeni mkitaka. Mama yetu alipofariki, Souleymane alikuwa hata kufunga kamba ya suruali hajui, na mimi ndiye niliyemlea, nikamtafutia ada ya shule, nikamkanda mgongo alipopata homa. Alipokuwa mtu mzima, akiwa na neno zito alikuja kulisemea jikoni kwangu, ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Kisha akaoa. Sasa maneno yote yanaishia kwa Latifa, na mimi huletewa makombo yake: "Latifa amesema hivi, Yaya. Latifa anaona vile." Hakuna aliyenikosea. Lakini moyo hauulizi nani kakosea.

Kazi ya Souleymane ni kuchoma makala, yaani makaa ya kupikia, msituni, kando ya njia ya Nyangwe. Watu wanadhani kuchoma makala ni kuwasha moto. Kuwasha moto nani asiyeweza? Kazi yenyewe ni kuupimia moto hewa. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani mabichi, juu hupiga udongo, halafu chini huacha matundu machache: hilo ndilo tanuru lake. Hewa ikiingia nyingi, magogo yanakuwa majivu na jasho lako limekwenda bure. Hewa ikikatika kabisa, moto unakufa, ukifukua unakuta kuni zile zile, zinanuka moshi tu. Ndiyo maana lazima akae pale pale, alale kwenye kibanda cha majani, aamkie kuangalia rangi ya moshi, azibe tundu hili na kufungua lile.

Na huko ndiko wivu wake unakokolea. Mtu anayeshinda peke yake akitazama moshi ana nafasi ya kuwaza mengi, na mengi yenyewe hayakutokea. Kabla ya kwenda msituni hufagia ua wa nyumba yake kwa mkono wake, mwanamume mzima na ufagio, ili akirudi asome nyayo. Siku moja nilimkuta ameinama karibu na mlango, uso umekunjamana.

"Yaya, huu mguu ni wa nani?"

"Wa bata, Souleymane."

Akautazama tena, kana kwamba bata naye anaweza kuwa na nia mbaya.

Latifa ni mtu wa Nyangwe, alisoma mpaka akamaliza sekondari, na ana kicheko ambacho hakina adabu. Kinapanda, kinaruka uzio, kinaingia mpaka kwangu nikiwa nachambua mchele. Wanawake wengine wakicheka hufunika mdomo. Huyu hufungua. Nilikuwa nakichukia kicheko kile kama mtu anavyochukia ngoma ya arusi ambayo hakualikwa.

Mambo yalianza pale akina mama wa pembeni ya mji walipoanzisha ushirika wa kulima soya. Mwenyekiti wao ni Mama Régina, mkulima Mkristo mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na ndiye aliyemwingiza Latifa. Akaja agronomu, mtaalamu wa kilimo, wa kuwafundisha, kijana anayeitwa Marcellin, kwao Kabambare, pikipiki yake imepakwa matope mpaka kwenye taa. Alileta pakiti za unga mweusi. Akasema ndani ya unga ule mna bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho. Mbegu za soya zikichanganywa nao kivulini, kwa maji ya sukari kidogo ili ushike, zikapandwa siku hiyo hiyo, vidudu vile vitaingia kwenye mizizi na kuilisha soya kwa azoti, ile naitrojeni iliyojaa hewani ambayo mmea peke yake hauwezi kuila.

Souleymane alipoonyeshwa unga ule alicheka. "Hii ni vumbi ya makala. Miye niko nayo gunia nzima, nitauzia nani?"

Lakini soya ya akina mama ilipanda ikawa kijani cha kukolea, bila mbolea ya dukani. Marcellin akawa anakuja mara kwa mara, na Latifa, aliyependa masomo kuliko sisi sote, akawa ndiye anayemjibu. Souleymane aliporudi kutoka msituni aliniuliza, kama kawaida yake, nani amepita. Nilimwambia nilichokiona: yule agronomu amekuja mara nyingi. Sikuongeza chumvi. Sikupunguza pia.

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe shambani. Akakuta Marcellin amechuma kifundo kidogo kutoka kwenye mzizi wa soya, ambamo vidudu vile hukaa, kidogo mfano wa punje ya mtama, amemwekea Latifa katikati ya kiganja ili akitazame. Kuweka kitu katika kiganja cha mtu lazima vidole viguse. Souleymane aliviona vidole, kifundo hakukiona.

Alikwenda kuketi nyuma kabisa ya kibanda wanachofundishiwa, miongoni mwa wanawake na watoto wao, hakusalimia, mikono ameifumbata kifuani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mandazi. Marcellin akasimama mbele, akaanza.

"Mama zangu, hawa bakteria wakiwa inje, mu udongo, hewa iko mingi na hawafanyi kazi ya azoti. Ile kazi iko na mashini yake, na oksijeni inaharibisha ile mashini. Basi jeni za kutengeneza mashini zinabakia zimelala."

Mama mmoja akauliza jeni ni nini. Akasema ni maagizo ambayo kila kiumbe amezaliwa nayo mwilini, na si yote yanayosomwa kwa wakati mmoja. Mengine yanangoja saa yake.

"Sasa nani anaamusha ile jeni? Mu kila bakteria iko mulinzi. Anashika oksijeni ku mukono. Kama angali anaishika, ananyamaza. Kama oksijeni inapunguka, mukono wake unabakia mutupu, njo anapeleka habari kwa mwenzake, na ule mwenzake anaamusha jeni. Hewa inapunguka, kazi inaanza."

Nikamwona Souleymane ameinua kichwa. Uso ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa mahali asipotarajia. Hewa inapungua, kazi inaanza: hayo si ndiyo maisha yake?

Hapo Latifa akanyoosha mkono. "Lakini nani anapunguza hewa? Ni bakteria wenyewe ao ni mumea?"

"Ah, Mama Latifa," Marcellin akasema, akatabasamu. "Hilo njo swali lenyewe."

Kosa lake lilikuwa lile tabasamu. Souleymane aliinuka, akapangusa suruali, akatoka bila kuaga, na jibu la swali lile akaliacha nyuma yake. Aliondoka na nusu ya somo, na alikwenda nayo kifua mbele.

Haukupita muda Mama Régina akaja nyumbani kwake na wanawake wawili, wamevaa vikwembe, vitenge vyao vya heshima. Marcellin alibaki nje ya uzio juu ya pikipiki yake. Mama Régina alieleza kwa upole wake wote, ambao si mwingi. Akina mama wa Kabambare wameomba mtu wa kuwafundisha soya, mwanamke mwenzao, anayesema maneno wanayoyaelewa. Ushirika umemchagua Latifa. Ataondoka mvua zikirudi mwezi wa tisa, akae huko msimu mmoja, amchukue na mtoto wake Chadia ambaye angali ananyonya. Kilichobaki ni ruhusa ya mume.

Kabambare! Huko huko kwao Marcellin! Nilimwona mdogo wangu anavyovimba shingo.

"Bibi yangu hatatoka," akasema. Kisha akapaza sauti ivuke uzio. "Na ule kijana anafundisha watu mambo ya hewa? Miye niko nachunga hewa tangu yeye angali ananyonya! Mama Régina, munipe mbegu yenu na ule unga wenu. Nitapanda kiraba changu karibu na chenu. Kama soja yangu inashinda yake, musinitajie tena Kabambare. Kama yake inashinda, Latifa aende."

"Unasema mbele ya watu?" Mama Régina akauliza.

"Mbele ya watu na mbele ya Mungu."

Marcellin, kule nje, alisema soya ikitoa maua watang'oa mimea ya pande zote mbili na kupasua vifundo vya mizizi: chenye wekundu ndani kinafanya kazi, kisicho nao hakifanyi. Wakakubaliana hivyo. Hakuna aliyemwuliza Latifa.

Alikuwa ameketi kando anapepeta mchele. Wageni walipoondoka, ungo ukasimama. "Baba Chadia," akasema, "umenipanda pamoja na soja?"

"Mukubwa wa nyumba njo miye."

Latifa akaendelea kupepeta, na makapi yakaruka mpaka kwenye miguu ya mumewe.

Nami nieleze nilivyohisi, maana sitaki kujitia mwema. Nilitaka Souleymane ashindwe. Nilitaka Latifa aende Kabambare, hata Kalemie, hata kokote, nipumzike na kicheko chake, na mdogo wangu arudi kwenye kinu changu na maneno yake. Nilimwombea dua ya kushindwa, na nikampelekea chakula shambani.

Ndivyo nilivyoiona kazi yake. Mbegu zilikuwa zimeota vizuri, mistari imenyooka. Souleymane alikuwa amekwenda kijitoni, amechota udongo wa mfinyanzi, ule mzito unaosiribia kuta, na alikuwa ameupiga kuzunguka kila shina, mstari kwa mstari, halafu anausawazisha kwa mgongo wa beleshi mpaka unang'aa. Kiraba kizima kilikuwa kama sakafu ya nyumba mpya, na soya zimechomoza katikati kama zimesahauliwa na fundi.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Naziba. Yule anasema hewa inapunguka, kazi inaanza. Lakini ameacha udongo wake wazi, hewa inaingia ovyo! Usipoziba ufa utajenga ukuta, Yaya. Bakteria wangu wataamuka wote."

Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua siri ya adui. Mimi si agronomu. Niliweka sahani chini nikamtazama anakula.

Na alivyoziba shamba ndivyo alivyoziba nyumba. Majuma yale hakwenda msituni hata mara moja. Alikaa mlangoni akilinda. Latifa asiende shambani, maana huko kuna Marcellin. Asiende sokoni, maana njia ya sokoni inapita karibu na shamba. Asiende kijitoni peke yake. Chumvi na sabuni akanunua mwenyewe, na wauzaji wenzangu wakawa wanamwita Mama Chadia akipita, wanapigana vikumbo kwa kucheka. Wanawake wa ushirika walipokuja kumjulia hali Latifa, waliambiwa amelala. Jua la asubuhi, amelala! Wakaacha kuja.

Kicheko nacho kikanyamaza. Siku za kwanza nilichambua mchele wangu kwa raha. Baadaye nikajikuta nimesimama na ungo mkononi, nimetega sikio kwenye uzio. Nilitegemea kufurahi, na furaha haikuja. Nikazunguka nikaingia kwao. Latifa alikuwa ameketi kizingitini, mtoto yuko kwenye titi, macho yako juu ya ule ua uliofagiliwa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Wifi, unaumwa?"

"Hapana, wifi. Niko tu."

Niko tu. Nilitaka aende zake, ndiyo, na hilo sikulibadilisha. Lakini kumwona mtu wa kicheko kile anasema "niko tu" kulinichoma. Nikamfuata Souleymane nyuma ya nyumba nikamwambia amfungulie mtoto wa watu.

"Si weye njo uliniambia yule anakuja kila siku?"

"Nilisema mara nyingi. Sikusema kila siku!"

"Tofauti ni nini?" akaniuliza, na kwa kweli hakuiona tofauti. Wivu ukishaingia kichwani hesabu huwa moja tu.

Mvua zikapiga. Maji yakasimama juu ya ule udongo wa mfinyanzi kama kwenye sinia, halafu jua likatoka na udongo ukakauka ukawa mgumu, mguu ukikanyaga unalia. Soya ya akina mama ilizidi kuwa kijani. Ya Souleymane ikaanza kufifia, majani ya chini yakawa manjano, kisha ya juu. Alisema ni homa ya kukua. Akaongeza udongo palipopasuka.

Soya ikatoa maua. Siku ya kupasua walikuja wanawake wote wa ushirika, na Marcellin, na mimi nikafunga biashara mapema. Souleymane alimleta Latifa mwenyewe, amemtangulia hatua chache kama askari na mfungwa wake. Latifa hakuwa amekanyaga shamba lile tangu siku ya mapatano. Alisimama akatazama mistari ya mumewe, ile sakafu, ile soya ya manjano, akaweka mkono mdomoni.

Marcellin alitoa wembe. Latifa akanyoosha kiganja. "Niachie. Nitafanya miye."

Aling'oa kwanza mmea wa akina mama, taratibu, akauosha mizizi katika beseni. Vifundo vilikuwa vimejaa, vimeshonana. Akakata kimoja, akakiinua watu wakione. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Kina mama wakaguna kwa furaha.

Kisha akaenda upande wa mumewe. Ilibidi avunje udongo kwa jembe ili mmea utoke. Mizizi ilikuwa mifupi, ya juu juu, inanuka uvundo. Vifundo vilikuwa vichache na vidogo. Akakata cha kwanza: ndani cheupe. Cha pili kilikuwa na ukijani kama kitu kilichooza. Akakata na vingine, na chekundu hakikupatikana.

"Haiwezekani!" Souleymane akasema. "Niliziba muzuri! Hewa haikuingia hata kidogo. Jeni zilipaswa kuamuka!"

"Uliondoka mbele ya somo kuisha," Latifa akamwambia. Hakupaza sauti. "Kuamuka si kazi, Baba Chadia. Bakteria wanapumua sawa sisi. Azoti ni ngumu kuvunja, inaomba nguvu mingi, na nguvu wanaipata kwa oksijeni. Bila oksijeni hata mashini ikitengenezwa haizunguke. Oksijeni ikitembea ovyo, mashini inaharibika. Inaombwa kidogo, na isikatike."

"Sasa nani anaipima?"

"Mumea. Kifundo kina mulango wake, na mumea wenyewe njo unaufunga na kuufungua. Na hiki chekundu ni ndugu ya damu. Kinabeba oksijeni, kinagawia bakteria kidogo kidogo. Mulango uko ndani, hauombe udongo wa mutu. Weye umekaba muzizi wenyewe. Umenyima mumea ile hewa ya kugawia."

Souleymane alichuchumaa. Akabandua bamba moja la udongo wake, akaligeuza, akatazama upande wa chini, ulikuwa na unyevu mweusi wenye harufu. Akalinusa. Yeye anayejua moshi kwa rangi, anayeamka usingizini kwa sababu tundu moja limejaa udongo! Mganga hajigangi. Tulimwona anaelewa. Lilikuwa jambo la kutazama na la kuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi ya pale.

"Nimezima tanuru," akasema.

Ingetosha. Mama Régina alikuwa tayari anafungua mdomo kudai ahadi yake. Lakini Latifa alikuwa bado ana wembe mkononi, na majuma yote ya kizingitini yalikuwa kooni mwake.

"Na miye?" akasema. "Na miye, Baba Chadia, niko napumua na nini?"

Wanawake wakatazama miguu yao. Marcellin akaenda kushughulika na pikipiki yake ambayo haikuwa na shida yoyote. Mimi nilimtazama mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza tangu aoe sikutaka awe upande wangu. Nilitaka ajibu.

Alipiga magoti, akabandua bamba jingine. Aliposimama, magoti yalikuwa na udongo. "Utaenda," akasema. Halafu, kwa sababu ni Souleymane na hakuna dawa, akaongeza, "Lakini nitakupeleka miye mwenyewe. Si yule."

Wanawake wakaangua kicheko. Latifa hakucheka. Alimpa wembe Marcellin bila kumtazama, akamchukua Chadia mgongoni, akatangulia njia ya nyumbani, na safari hii mumewe ndiye aliyefuata.

Msidhani alipona. Kiangazi chote alichoma makala yake msituni, na kila akirudi aliuliza nani amepita. Ila aliuliza huku anamenya muhogo pamoja na mkewe, na Latifa akawa anamjibu kwa orodha ya uongo: gavana amepita, askofu amepita, imamu amepita mara mbili. Kicheko kikarudi juu ya uzio. Kikaniudhi tena, nami nikashukuru kwa kuudhika. Mpaka leo sijui kama Marcellin alimtamani. Labda. Wangapi hawatamani? Latifa hakuulizwa hilo na mtu, na hakulisema.

Mvua za kwanza za mwezi wa tisa zilipoanguka, Souleymane akaazima pikipiki. Akamfunga mkewe na mtoto na mabegi na pakiti za unga mweusi juu yake, wakaondoka. Njia ya Kabambare mnaijua: unasukuma pikipiki kuliko inavyokubeba. Aliporudi alikuwa matope mpaka masikioni, akaja moja kwa moja kwangu.

Alinieleza yote. Latifa atalala kwa Mama Véronique, dada yake Mama Régina, mjane, mlango unafungwa kwa ndani, aliujaribu mwenyewe. Marcellin alikuja kuwapokea, wakapeana mkono, na Souleymane akamkamua vidole mpaka kijana akatoa macho. Kisha ikafika saa ya kurudi. Wanawake wa Kabambare walikuwa wameshamzunguka Latifa chini ya mti, wanachanganya mbegu, na alipowasha pikipiki alisikia mkewe anacheka. Hakujua anachekeshwa na nani. Mikono, alisema, iligeuza usukani yenyewe.

"Ukarudi?"

"Nilitaka, Yaya. Nilitaka sana." Akatazama viganja vyake. "Nikapiga gia, nikakuja."

Basi nilikuwa nimepata nilichokiomba. Mdogo wangu yuko kwangu, peke yake, atakula kwangu jioni zote za msimu. Nilipika kama ni sikukuu: sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese, samaki wa mto Lualaba, mchele mpya niliowaficha wateja. Nilifunga kikwembe kipya, mimi mzee, kwa ajili ya mtoto niliyemlea mwenyewe. Nikampakulia, nikaketi mbele yake, nikangoja maneno yake yaanze.

Alikula vizuri. Alisifu samaki. Akanawa, akaenda kusimama mlangoni, akaangalia upande wa mashariki, wa Kabambare, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya miti. Mbegu zikishachanganywa na unga ule hazingoji. Zisipopata udongo wenye maji, vidudu vinakufa, na mtu aliyekwenda kufundisha anaaibika ugenini. Mgongo wake ulikuwa kwangu, na niliona wivu hata wa yale mawingu.

"Yaya," akasema, "unafikiri Kabambare mvua imenyesha?"

Nitajuaje mimi mambo ya Kabambare? Nikamwambia imenyesha, tena ya kutosha.